Matanga ya Masharubu

Naanza kwa kukiri mwenyewe, maana nisipokiri mimi mtahadithiwa na mwingine, na huyo mwingine atatia chumvi: mimi ndiye niliyewanyoa vichwa wanaume kumi na tisa wa Kwamndolwa kwa ajili ya msiba wa mtu ambaye hakufa. Sikuwanyoa kwa mkono (kinyozi alikuwepo, na wembe wake ulikuwa butu), niliwanyoa kwa maneno. Wahenga walisema mdomo uliponza kichwa, ila nadhani wao walikuwa na maana ya kichwa cha mwenye mdomo, na mimi nikavuka mpaka nikaponza na vya watu.

Enzi hizo Mjerumani ndiye mwenye nchi, reli ya kutoka Tanga imeshapita Korogwe inakwenda zake juu, na mimi nilikuwa mpishi wa bwana mmoja msimamizi wa shamba la mkonge. Alikuwa mkali kama wenzake (kiboko kilining'inia nyuma ya mlango wa ofisi yake, na hakikuwa pambo), lakini alikuwa na ugonjwa mmoja, baiskeli. Ujanani alikuwa akishindana kwao, na kila mwaka msimu ukifika Wazungu fulani walikuwa wanaizunguka nchi ya Wafaransa kwa baiskeli karibu mwezi mzima, hiyo ndiyo kazi yao wanayolipwa, milima na mabonde, mvua na vumbi, na bwana alikuwa akiwafuata kutoka hapa hapa Korogwe. Ndugu yake alimtumia magazeti ya picha kwa meli mpaka Tanga, kisha kwa gari moshi mpaka kwetu, naye alibandika ramani ukutani kwenye chumba cha kulia akawa anasogeza pini, hapa wamelala, hapa wamepanda mlima, hapa fulani ametangulia. Mashindano yenyewe yalikuwa yamekwisha zamani, washindi wamesharudi kwa wake zao, lakini sisi tulikuwa tunahangaika na mambo ya mwezi uliopita kana kwamba yanatokea leo. Nasema sisi kwa sababu ugonjwa uliniambukiza. Nilikuwa naweka supu mezani huku jicho liko kwenye pini, na mara mbili nilimmwagia.

Sasa, jioni nikimaliza vyombo nilikuwa napeleka habari kijijini Kwamndolwa, barazani kwa Mzee Mhina. Msidhani ni kwa upendo wa baiskeli peke yake. Mzee Mhina alikuwa na binti, Mwantumu, nami nilikuwa nimeshapeleka posa, na mzee alikuwa amenijibu neno moja tu: "Binti yangu nitampa mtu ambaye akisema jambo, nami naweza kwenda kulisema kwingine bila kuona haya." Nilichekelea, nikijua nimeshapata, kwa sababu barazani pale nilikuwa nimesifika kuwa nasoma Kijerumani. Ukweli ni kwamba shule ya Tanga nilikaa miezi sita, nikatoka nasoma Kiswahili kwa herufi za Kizungu na tarakimu zote, lakini Kijerumani changu kilikuwa cha jikoni: chumvi, maji moto, haraka, mjinga wewe. Gazeti la bwana nililisoma kwa tarakimu, kwa picha na kwa pini, na palipobaki pengo nilijaza mwenyewe.

Na walisikiliza! Majina ya wale Wafaransa hayakutamkika, basi tukawabatiza. Aliyependwa kwetu aliitwa Masharubu, mfupi, mnene wa mapaja, ana masharubu yamepinda juu kama pembe za ng'ombe. Wazigua wa Kwamndolwa wote walikuwa wake, na mkuu wao ni Mzee Mhina mwenyewe. Washambaa waliokuwa wakishuka na tumbaku yao kuuza Korogwe wakachukua upande wa mmoja aliyeitwa Mrefu, kwa sababu nilikosea nikasema anajua kupanda milima, na Mshambaa ukimwambia habari ya mtu anayepanda milima umeshamaliza. Kiongozi wao alikuwa Shemdoe, mtani wetu mkubwa, mtu wa maneno asiyechoka. Ikawa kama ngoma mbili zinazoshindana, kila upande na nyimbo zake, kila upande na matusi yake ya utani.

Basi siku hiyo, alasiri, bwana ameondoka kukagua mkonge, mimi natandika meza, gazeti liko wazi juu ya kiti. Nikaangalia. Ni Masharubu. Amelazwa chali juu ya ubao mrefu, uchi, amefunikwa shuka jeupe kuanzia kiunoni mpaka magotini. Macho amefumba. Puani amezibwa pamba, matundu yote mawili. Wanaume wawili wamemwinamia, mikono ya shati imekunjwa mpaka kwenye viwiko, mmoja anamsugua paja, mwingine bega, na chini kuna ndoo ya maji na chupa ya kitu nilichoona ni mafuta ya kumpaka. Mlangoni wamesimama watu wengine na kofia zao mikononi, wamenyamaza (kwenye picha wote hunyamaza, lakini hilo nalifikiri leo).

Niambieni ninyi. Mtu aliyelelewa kwetu, aliyemsaidia mwalimu kumwosha babu yake na mjomba wake, angeona nini pale? Nilikaa chini. Machozi yalinitoka kweli kweli, wala sioni haya kusema, maana nilikuwa nimempenda yule mtu. Chini ya picha palikuwa na mistari sita ya maneno, na katika hiyo sita nilielewa neno moja, maji.

Jioni nikafika barazani, nikavua kofia. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mbona uso hivyo?"

"Masharubu hatunaye," nikasema. "Nimewaona wakimwosha kwa macho yangu. Pamba wameshatia."

Mzee Mhina akaniangalia kwa muda, mtu mwangalifu yule, akaniuliza swali moja, na laiti ningelijibu kama lilivyotaka tusingekuwa hapa. "Maneno yaliyoandikwa pale umeyasoma, Saidi?"

Mwantumu alikuwa amesimama mlangoni na sinia la mihogo. Nikasema, "Nimeyasoma yote, baba."

Kuuliza si ujinga, wanasema, na mimi ningeweza kumwuliza bwana kesho yake asubuhi wakati wa kumpelekea kahawa. Lakini nilikuwa nimeshasema yote.

Mzee akatangaza matanga. Palikuwa na ubishi kidogo, kwa sababu mwalimu wa madrasa alikataa katakata kusoma hitima ("Dini yake mnaijua? Mama yake mnamjua? Basi mniache"), wakakubaliana kwamba hakutakuwa na hitima, watu watalala msibani, watakula, watanyoa, kama inavyofaa kwa mtu aliyewaburudisha. Mimi nikahesabiwa mfiwa wa karibu. Nikaenda kumwomba bwana ruhusa siku tatu, nikasema nimefiwa na ndugu, na yeye, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akasema pole.

Siku tatu zingepita salama. Lakini kuna mtu alikwenda Handeni na habari kwamba kwa Mhina kuna kilio, na mzee ana ndugu zake kule, na kilio hakiulizwi ni cha nani, watu huanza safari kwanza. Na matanga hayaanuliwi kabla ndugu hawajafika. Siku ya nne tukasikia mayowe kutoka njiani, wanawake kumi na wawili wa Handeni wametembea siku mbili, mbele yao shangazi yake Mzee Mhina, bibi mmoja mkavu mwenye fimbo, analia "Mhina wangu, umeniacha na nani!" akiamini aliyekufa ni Mhina. Mhina mwenyewe akatoka kumpokea, bibi akamwona, akakaa chini katikati ya njia, akapewa maji. Akaelezwa kwamba aliyekufa ni Mfaransa wa baiskeli. Akauliza ni wa ukoo gani. Wakamwambia bibi apumzike kwanza.

Siku ya tano asubuhi wakanyoa. Mzee Mhina alianza yeye. Alikuwa na nywele nzuri, mvi zimekolea, alizozitunza, na zilianguka zote juu ya jani la mgomba. Wakafuata wengine kumi na wanane, na mimi wa mwisho. Watani hawakukosa: Shemdoe na wenzake waliingia na gurudumu bovu la baiskeli limeviringishwa sanda ya kaniki, wamelibeba kwa machela, wanalia kwa sauti nyembamba na kumlaumu marehemu kwa kula sana kabla ya kupanda mlima, na hawakukubali kuliweka chini mpaka wakapewa mbuzi. Ndivyo utani ulivyo, na tulicheka huku tunalia. Nilimwona Mwantumu ananiangalia kutoka jikoni kwa macho ambayo nilidhani ni ya huruma.

Ndipo kengele ya baiskeli ikasikika.

Bwana alikuwa amehesabu siku. Tatu zimepita, ya nne imepita, chakula anapika mtunza bustani. Alipitia stesheni kuchukua magazeti yake yaliyofika na gari moshi, akauliza msiba uko wapi, akaonyeshwa. Na mnajua alikuja na nini? Gunia la mchele amelifunga nyuma ya baiskeli. Ningependa sana angekuja na kiboko. Akasimama pale uani akaviona vipara vyote vile vinang'aa, na gurudumu limelala juu ya machela na sanda yake, akavua kofia.

"Poleni," akasema. "Saidi, nani amekufa? Baba?"

Mzee Mhina, kwa heshima zote, akamjibu kwa niaba yangu. "Bwana, ni yule wenu wa baiskeli, mwenye masharubu. Saidi alisoma katika gazeti lako. Ameanguka, ameoshwa, amezikwa. Tunakupa pole na wewe."

Bwana hakuelewa. Akaelezwa tena. Safari ya pili nikauona uso wake unaanza kubadilika kutoka shingoni kwenda juu, mwekundu, nikajua sasa ni viboko hamsa ishirini, nikaanza kuuandaa mgongo. Hakupiga. Alicheka. Alicheka mpaka akakosa pumzi, akaketi juu ya mkeka wa wafiwa na buti zake, akajipiga magoti. "Wanamkanda!" akasema alipoweza. "Wanamkanda miguu! Kila jioni wanawakanda! Alianguka, pua ikatoka damu, wakaziba. Saidi, maneno yalikuwa chini ya picha!"

Akafungua gazeti jipya hapo hapo juu ya mkeka. Masharubu alikuwa hai, amepanda baiskeli, shada la maua shingoni, pua imevimba, anacheka na meno yote. Gazeti likapita mkono kwa mkono, na kila aliyeliona alipitisha kiganja kichwani pake mwenyewe. Shangazi wa Handeni ndiye aliyetangulia kusema. "Basi machozi yangu nani atanirudishia?" akauliza. "Na miguu yangu hii?" Shemdoe akainuka, akafunga kaniki yake kiunoni, akasema mbuzi hamrudishi, kwa sababu wao waliitwa kuzika, na kufufua ni kazi nyingine yenye mbuzi wake.

Watu walicheka, Washambaa wakagaagaa. Wa kwetu hawakucheka. Mzee Mhina alikunja gazeti vizuri, akampa bwana, akanigeukia. Hakupandisha sauti. "Nilikuuliza," akasema.

Nilitamani ardhi ipasuke. Sikumwogopa bwana wala watani. Nilikuwa namwangalia mzee na ninaiona posa yangu inaondoka.

"Binti yangu," akasema mbele ya watu wote, "utampata nywele hizi zikirudi zilivyokuwa." Na akaingia ndani. Nikashukuru Mungu, nikahesabu miezi mitatu, minne. Sikumjua mzee yule. Kila Ijumaa kabla ya kwenda msikitini aliketi uani, akaomba maji na wembe, akanyoa kichwa kizima. Mwaka ukaisha. Wa pili ukaingia. Huku nyumbani bwana alinipiga marufuku kugusa magazeti, ramani akaihamishia ofisini, na barazani kila nikifungua mdomo kusema hata mvua inakuja, kulikuwa na mtu wa kuuliza kama nimeiona ikioshwa.

Kisha Ijumaa moja wembe ukapotea. Ukatafutwa nyumba nzima. Ukanunuliwa mwingine, nao Ijumaa iliyofuata haukuonekana. Mzee hakuwa mjinga. Alimwita Mwantumu akamwuliza, na Mwantumu akajibu (haya nimeyasikia kwake mwenyewe), "Nyembe nimezificha mimi, baba. Ulisema nywele zikirudi, hukusema utazikata." Mzee hakuagiza wembe wa tatu, na nywele zikaota.

Siku ya harusi mimi na mzee tuliketi pamoja kabla ya kwenda kula. Kichwa chake kilikuwa kimejaa tena, ingawa utosini hazikurudi zote. Akaniinamia akanong'ona, asisikike na watani: "Hivi yule Masharubu wetu, mwishoni alikuwa wa ngapi?"

Nilijua jinsi ya kujibu. Ningeweza kusema wa kwanza, angefurahi, na hapakuwa na mtu Korogwe nzima wa kunikanusha. Nililiona hata shada la maua mbele ya macho yangu.

"Sijui, baba," nikasema.

Mzee Mhina akaniangalia muda mrefu kuliko siku ile ya mwanzo. "Haya," akasema. "Karibu nyumbani, mkwe." Na mpaka leo sijui, na sitaki mtu aniambie kama hajasoma maneno yaliyo chini ya picha.