Bibi Aliyetazama Kamera

Mgahawa wangu uko Mkata, kando ya barabara kuu, na televisheni nimeitundika juu ya friji ili hata anayekula amesimama aione. Mabasi yanasimama, watu wanashuka, wanaagiza wali maharage au ugali samaki, na macho yote yanapanda juu. Sijawahi kuona watu wenye maoni mengi kuhusu filamu kama abiria. Mtu ameona kipande tu, hajui ilianzaje na hatajua itaishaje, lakini atakwambia imebuma. Madereva wa malori wanataka ngumi. Akina mama wanataka tamthilia za Kituruki zilizotafsiriwa, na mtafsiri akichelewa kufikisha maneno wanamsuta kana kwamba yuko jikoni kwangu. Vijana wa bodaboda hawaisubiri televisheni. Wanajiunga bando, wanatazama kwenye simu, kisha wanakuja kutumalizia utamu sisi wengine.

Mimi nilikuwa mtu wa kusikiliza. Huku napakua wali, nilijua filamu ipi niiache na ipi niitoe kwa kusikia tu watu wanavyonyamaza au wanavyolalamika. Kwa hiyo, maneno ya watu kuhusu filamu moja yalipogeuka, niliyasikia yakigeuka, maana nilikuwepo tangu yakiwa sifa.

Filamu yenyewe ilirekodiwa Ngombezi, karibu na Korogwe mjini, nyumbani kwa mama yangu mkubwa. Ni dada wa mama yangu, mzaliwa wa Kwashemshi, aliyeshuka kutoka milimani akiwa msichana kumfuata mume aliyekata mkonge. Mume alifariki, watoto hawakujaliwa, naye akabaki kwenye nyumba yake ya udongo nje kidogo ya kambi za wafanyakazi, akilima mahindi na mihogo. Ni mrefu, mwembamba, na jicho lake la kushoto lina mtoto wa jicho aliyelifanya jeupe kama tui. Hana maneno mengi. Ukimtembelea anakupa kigoda na muhogo, mnamenya, na mazungumzo yatakuja yakipenda.

Watu wa filamu walitoka Dar es Salaam wakitafuta nyumba ya mchawi. Walipoiona yake, hawakutaka nyingine. Walikuja na mwigizaji wao wa kuwa mchawi, dada mmoja mnene, amepakwa majivu usoni. Siku hiyo mimi nilikuwa nimempelekea mama mkubwa samaki wakavu, basi niliona kwa macho yangu. Muongozaji, kijana mwenye kofia na sauti ya upole, alimtazama mwigizaji wake, akamtazama mama mkubwa aliyekuwa amekaa ukutani, akatazama tena huku na huku.

"Shikamoo bibi," akasema, ingawa alikwisha kumwamkia asubuhi. "Naomba nafasi hii uifanye wewe."

"Niigize nini mimi?"

"Usiigize chochote. Kaa mlangoni umenye muhogo wako kama kila siku. Nikikwambia, inua uso utazame hapa kwenye kamera."

Mama mkubwa akakaa. Ana tabia ya kutafuna muhogo mbichi huku anamenya, kipande kidogo, anakizungusha mdomoni taratibu. Kijana akasema, "Sasa, bibi." Akainua uso, huku bado anatafuna, akatazama. Uani pakawa kimya. Aliyeshika taa akasema kwa sauti ya chini, "Astaghfirullah," ndipo wote wakacheka, na mama mkubwa akacheka kuliko wote.

"Kazi rahisi namna hii," aliniambia baada ya wao kufunga vyombo vyao. "Ningeijua zamani nisingeshika jembe."

Filamu ilipotoka kwenye simu, vijana wa bodaboda waliiona kwanza. Wakaja nayo kwenye flashi, nikaiweka mgahawani mchana, abiria wakiwa wamejaa. Hadithi yake ni ya kawaida: bibi wa kijiji anaonewa na majirani, na kila anayemwonea linampata jambo. Jirani mmoja anamfukuza kisimani, na asubuhi anaamka mdomo umepinda upande. Watu wakaanza kuichambua. Huyu akasema imekuwa ndefu mno. Mwingine akasema yule binti analia kutoka mwanzo mpaka mwisho na kope zake za bandia hazidondoki hata moja. Dereva mmoja akasema kama stelingi mwenyewe anakimbia bibi kizee, hiyo si filamu, ni aibu. Lakini ilipofika pale mlangoni, mama mkubwa anainua uso, vijiko vikasimama.

"Wengine wote wanaigiza," akasema mama mmoja aliyekuwa na mtoto mgongoni. "Huyu haigizi."

"Kweli kabisa. Huyu haigizi."

Nikawaambia ni mama yangu mkubwa. Wakanipa mkono. Wengine wakataka niwaonyeshe picha yake nyingine. Nilimpigia simu jioni nikampa salamu zote hizo, akafurahi mpaka akakohoa.

Baada ya hapo, kile kipande cha mlangoni kikakatwa peke yake, kikawekewa muziki mzito, kikaanza kuzunguka kwenye simu. Kilinifikia mimi mwenyewe kutoka kwa watu wasionijua. Maoni yaliyoandikwa chini yake nilikuwa nikiyasoma wakati sina wateja. Mwanzoni yalikuwa utani, eti mama mkwe wangu akiniona sijaosha vyombo. Kisha mtu akauliza, huyu bibi ni wa wapi. Akajibiwa: Ngombezi. Akaja mwingine akasema anamjua, anaishi peke yake, na jicho lile si la kupakwa.

Mama mkubwa hakuwa na simu ya kuona hayo. Yeye aliona mengine. Aliniambia kwa kicheko kwamba watoto wa kambini wakimwona njiani wanapiga mayowe na kukimbia. Mara nyingine akaniambia, bila kicheko, kwamba bombani wanawake wanasogeza ndoo zao akifika, na anayechota anamwachia bomba kabla ndoo haijajaa.

"Wanakuheshimu," nikamwambia.

"Hiyo siyo heshima, mwanangu. Heshima naijua."

Halafu jirani yake akaanguka. Alikuwa baba wa makamo mwenye mbuzi, na mbuzi wale walikuwa wameingia kwenye mahindi ya mama mkubwa, wakazozana mpakani watu wakisikia. Ulikuwa ugomvi wa kawaida wa kila mwaka. Siku chache baadaye, baba yule alipatwa na kiharusi akiwa anafunga zizi. Hospitali walimtibu, wakamrudisha nyumbani akiwa hawezi mkono wa kulia, na mdomo umepinda upande.

Simu niliyopigiwa haikutoka kwa mama mkubwa. Ilikuwa ya mwenyekiti wa kitongoji, mzee aliyekuwa rafiki wa marehemu mume wake. Aliniuliza hali, watoto, biashara, mvua za huku kwetu Handeni. Kisha akasema, "Mwanangu, kama una nafasi, njoo leo. Usingoje kesho."

Nilifunga mgahawa nikapanda basi la kwanza lililosimama. Nilifika Ngombezi jua likiwa bado kali. Nilitegemea kukuta kelele, na ningependa ningezikuta. Watu walikuwa wamekaa chini ya banda la nyumba ya mgonjwa, wengi kuliko wanaokuja kumpa mtu pole, wametulia. Katikati yao kijana mmoja ameshika simu, wenzake wamemwinamia. Walikuwa wanatazama filamu.

"Rudisha," mmoja akasema. "Hapo. Simamisha. Angalia mdomo wake."

"Anasema kitu."

"Anasema. Ona. Hiyo si ya filamu, hakuna sauti yake. Wamemrekodi akisema vitu vyake na wao hawakujua."

Waliongea kwa utulivu, kama wanavyoongea wateja wangu, mmoja akitoa hoja na mwingine akiiongezea. Nikawaamkia, nikawaambia, "Jamani, mimi nilikuwepo siku ile. Alikuwa anatafuna muhogo. Ukitazama vizuri, kisu kipo mkononi na maganda yako miguuni."

Wakanitazama. Kijana mwenye simu hakuwa na hasira hata kidogo. Alisema kwa adabu, "Dada, wewe ni ndugu yake. Utasema nini kingine?"

Mke wa mgonjwa alikuwa jikoni kwake. Nilimfahamu tangu zamani, tuliwahi kusukana nywele. Nikamwambia pole, akapokea, akaendelea kuchochea moto.

"Mimi sisemi kitu," akasema. "Sijasema na sitasema. Lakini siwezi kuwazuia, ndugu yangu. Usinitegemee niwazuie."

Nilimkuta mama mkubwa ndani kwake, amekaa kitandani, buibui amevaa, kama mtu anayejua anasubiri kitu ila hajui ni kipi. Kwenye mlango wake wa mbele mtu alikuwa amepaka lami, doa kubwa la mviringo, kama jicho. Tulisemezana Kishambaa, kwa sauti ndogo. Nikamwambia afungashe nguo, tunaondoka Mkata sasa hivi. Akasema mahindi yanakaribia kukomaa. Nikamwambia mahindi nitakuja kuyavuna mimi. Akaanza kukunja khanga zake moja moja. Alipomaliza akainuka, akachukua chupa ya chai iliyokuwa mezani.

"Hiyo iache," nikasema.

"Ni uji. Nimeupika wa mgonjwa. Siwezi kuondoka sijampa pole jirani yangu."

Nilimsihi. Nikamshika mkono. Akautoa mkono wake polepole, akatoka, nami nikamfuata na mfuko wa nguo. Uwanja kati ya nyumba zile mbili si mpana, lakini niliona kila uso uliogeuka. Simu ikazimwa. Watu wakasogea kumpisha, na nilipotazama nyuma, walikuwa wamerudi mahali pao nyuma yetu, njia haipo tena. Mwenyekiti alikuwa amesimama mlangoni kwa mgonjwa na bakora yake, akaingia pamoja nasi.

Mgonjwa alikuwa amelala kwenye mkeka, ameegemezwa mito. Mama mkubwa akapiga magoti kando yake, akaweka ile chupa chini, akasema, "Pole, baba. Mungu atakuinua."

Yule baba akamtazama. Koo lake likatoa sauti, sauti nzito isiyo na neno ndani yake, na pale nje nikasikia watu wakiinuka wote kwa pamoja. Kisha mkono wake mzima ukanyanyuka, ukamshika mama mkubwa kifundo cha mkono, ukakaza. Hakuuachia. Mimi niliyekuwa karibu niliona machozi kwenye macho ya yule baba, na mpaka leo naamini alikuwa anaomba radhi kwa sababu ya wale mbuzi. Lakini mlangoni kulikuwa na kichwa cha kijana kinachungulia, naye aliwageukia wenzake akasema, "Anamsihi amwachie."

Mwenyekiti akaubandua ule mkono kidole kwa kidole. "Tokeni kwa nyuma," akatuambia. "Bajaji ipo barabarani." Yeye akatoka kwa mbele na kuanza kusema na watu kwa sauti kubwa juu ya mambo ya bomba la maji, na tulikwenda tukisikia sauti yake inavyozidi kupanda.

Kwenye basi kutoka Korogwe mama mkubwa alikaa dirishani. Tulipopita Segera akaniuliza, "Hivi kwenye hiyo filamu, yule bibi mwisho wake inakuwaje?" Hakuwa ameiona. Hakuna aliyewahi kumwonyesha. Nikamwambia sikumbuki. Anachomwa na nyumba yake, lakini nikamwambia sikumbuki.

Nyumba ya Ngombezi haikuchomwa. Waling'oa milango na madirisha, wakaliacha paa, na mahindi yakavunwa na nisiowajua. Yule baba alipata nafuu. Mwenyekiti aliniambia anatembea na fimbo, maneno yake yanasikika, na amewaambia watu waziwazi kwamba hajarogwa, ni presha iliyompanda. Nilifurahi sana kusikia hivyo, nikadhani yamekwisha. Nikamwuliza mzee kama mama mkubwa anaweza sasa kurudi.

"Mwanangu," akasema, "wanasema amepona kwa sababu aliondoka."

Basi yuko hapa. Analima kipande changu cha mihogo nyuma ya nyumba, asubuhi ananisaidia kuchambua mchele, na mchana anakaa jikoni ambako nimetundika pazia. Filamu ile sijaiweka tena, ila siwezi kuwazuia watu na simu zao. Muongozaji alinipigia, akasema watu wanamtaka bibi kwenye sehemu ya pili, na kwamba maoni yote yanamhusu yeye. Nikamjibu bibi ni mgonjwa. Mama mkubwa alikuwa amesimama karibu, akasikia, na nikaona uso wake ukinywea. Angekwenda. Ilikuwa siku nzuri kwake ile ya kurekodi, watu wote wakimsikiliza akicheka.

Wiki iliyopita mtoto wa jirani wa nyumba ya tatu alishikwa na homa. Malaria tu, amepewa dawa, nimemwona jana anacheza. Lakini mama yake alikuja mlangoni kwangu mchana, mikono mitupu, wala hakutaka kukaa. Tuliulizana hali. Alinisifia ua niliozungushia nyumba. Kisha akaniuliza, kwa upole kabisa, mgeni wangu ametokea wapi.

"Korogwe," nikasema.

"Korogwe ya wapi?"

"Kwashemshi. Kule milimani."

Akaitikia kwa kichwa. Alitazama pazia la jikoni, ambako tulisikia wote wawili kisu kikimenya muhogo, akaniaga, akatoka. Nikamsindikiza kwa macho. Hakuelekea kwake. Alivuka barabara, akaingia kwenye kibanda cha vijana wa bodaboda, na nikaona mmoja wao akitoa simu mfukoni.