Kidole Kwenye Maji ya Mihogo

Juzi niliona beseni la mihogo iliyolowekwa kwenye ua mmoja Nyakabiga, mtaa wa Bujumbura, na ile harufu chachu ikanirudisha kwa Bibi. Nilikuwa mtoto, naye alikuwa ameshuka kwetu mjini kutoka milimani kwenye baridi, akailoweka mihogo yetu siku tano, kama kwao. Mchana alipofunua, alikuta uji mtupu wenye mapovu, inzi wakivuma juu yake.

"Nani ameingiza mukono humu?"

"Ni mi, Bibi," nilisema, maana kweli nilikuwa nimechovya kidole.

Siku hizi nafundisha kemia, na najua ni joto la Bujumbura lililoichachua mihogo ile kabla ya siku zake. Bibi hakujua. Mpaka anakufa, alifunika vyombo vyake kila nilipopita.