Fundi Baridi na Neno "Tu"

Jirani yangu ni fundi wa friji, na vijana humwita Fundi Baridi. Wanasema ni kwa sababu ya kazi yake, lakini mimi nimeishi naye ukuta kwa ukuta miaka kumi na moja na sijawahi kumsikia akipandisha sauti, hata siku kompresa ilipomdondokea mguuni. Alikaa chini, akavua kiatu, akatazama vidole, akasema, "Vyote vipo."

Kila Jumatano mchana hufunga kibanda chake, akaenda shule ya sekondari, kwenye stoo ya madawati mabovu, kuwafundisha vijana kupanga bei, kuweka akiba na kujibu maswali ya bosi. Halipwi. Nilimuuliza kwa nini anajitesa. Akaniambia kwamba ujanani aliitwa kiwandani, akaulizwa anajua nini kuhusu mota. Alikuwa anaweza kuifungua na kuifunga akiwa amefumba macho, lakini akajibu, "Najua kidogo tu." Nafasi akapewa mwenzake mwenye maneno, yeye akachukuliwa kibarua wa kubeba. "Mwaka mzima nikawa namfundisha kazi yake," alisema.

Ndiyo maana darasani kwake neno "tu" ni marufuku. Ukisema "nashona tu" au "nipo tu", darasa zima linakugongea meza na unaanza upya.

Binti yangu wa mwisho alikuwa kwenye darasa hilo. Anashona mikoba iliyochanika ya nusu ya mtaa, ila mdomo wake ni mzito kama mlango wa benki. Karakana ya viti vya magari ilitangaza nafasi moja ya mwanagenzi, naye akaitwa Ijumaa akaulizwe maswali. Hamu ya kula ikaniisha. Jumatano nikajipeleka shuleni na mwavuli, kana kwamba kuna mvua.

Fundi aliniona dirishani. "Mama, ingia. Leo wewe ndiye bosi."

"Mimi? Niliishia darasa la tano."

"Mabosi huwa hawaulizwi."

Nikakaa. Binti yangu akaketi mbele yangu, macho kwenye kandambili zangu. Sikuwa na swali la kibosi, nikauliza lile lililokuwa likininyima usingizi: "Ukiharibu kitambaa cha watu utafanya nini?"

"Nitasema mapema, nifumue."

"Na ukigombezwa?"

"Nimeshazoea, mama."

Darasa likaangua kicheko.

Ijumaa nikavaa viatu.

"Mama, naenda mwenyewe."

"Na mimi naenda upande huohuo."

"Upande gani?"

"Huo unaokwenda wewe."

Karakanani nikakaa kwenye benchi la nje, mlango ukiwa nusu wazi. Nikamsikia mwenye karakana, mwanamke wa umri wangu, akimuuliza, "Unajua kufanya nini?"

"Nashona mikoba ya shule tu."

Mkono wangu ukaenda wenyewe. Ko, ko, kwenye benchi.

"Nani anabisha? Ingia."

Nikaingia, nikitamani ardhi inimeze. "Samahani, dada. Nilidhani..." Sikuwa na cha kudhani.

"Ni mama yangu," binti akasema. "Amenigongea kwa sababu nimesema 'tu'. Darasani ndivyo tunavyofanya. Naomba nianze upya."

"Haya, anza."

Akaanza, na sijawahi kumsikia akitoa maneno mengi vile kwa mkupuo: zipu, mikanda, kona zilizotatuka, mkoba wa ngozi na kwa nini unahitaji siku tatu. Yule mwanamke akamwekea mezani kava la kiti lililofumuka. Binti akaligeuza nje ndani.

"Uzi huu ni mwembamba. Nikishona juu yake utakatika tena. Nafumua upande wote."

"Itachukua muda gani?"

"Saa moja na nusu. Nikipata sindano nzuri, saa moja."

Mwenye karakana akanigeukia. "Na wewe, mama, utakuwa unakuja naye kila siku?"

"Hapana," tukajibu wote wawili.

Wakati wa kurudi tukapita kwa Fundi Baridi. Alikuwa amepiga magoti nyuma ya friji, mteja amesimama kando. Nikamwambia Fundi kwamba mtoto amepata nafasi, anaanza Jumatatu.

"Uliuliza malipo?" akamuuliza binti.

"Niliuliza. Miezi miwili nauli na chakula cha mchana, wa tatu mshahara. Nimeomba waandike."

"Vizuri," akasema, akarudi kwenye friji yake. Akakaza skrubu moja, akaikaza tena, akaikaza tena, mpaka mteja akamuuliza kwa upole kama zile nyingine hazihitaji kukazwa.