Nilivyorudi Kwenye Gofu na Nyonga Mbovu

Wanaosema niliumia kwa bahati mbaya hawakuwemo ndani ya lile basi. Mimi nilikuwemo. Tulikuwa tunateremka kutoka mlimani kuelekea Same, dereva simu sikioni, usukani kwa mkono mmoja. Mama mmoja akamwambia, "Baba, tuna watoto humu." Akamjibu, "Mama, nani dereva hapa, mimi au wewe?" Kona iliyofuata hatukuimaliza. Wengine walibaki pale pale. Mimi nilitolewa nyonga imesagika.

Kwa hiyo mkosaji wa kwanza ni yule dereva. Wa pili ni katibu wa klabu niliyokuwa nachezea huko Moshi. Nilikuwa mchezaji wa gofu wa kulipwa. Najua watu hucheka wakisikia Mpare wa mlimani anacheza gofu, lakini shule niliiacha darasa la tano, nikaenda kubeba mikoba ya wachezaji, nikajifunza kwa kuwaangalia mpaka nikawafunga. Yule katibu alikuja wodini na machungwa, akanishika mkono, akasema, "Pumzika ndugu yangu, nafasi yako ipo." Kabla sijaanza kutembea na magongo, nafasi alishampa mtoto wa dada yake. Wala hakuja tena kuniambia. Machungwa yenyewe yalikuwa machachu.

Nikarudi mlimani kulima tangawizi na mke wangu. Miaka ikapita. Daktari alisema nitachechemea mpaka kufa, na kweli nachechemea, ila jembe lilinirudishia mgongo na mabega. Kwetu ukipulizwa mluzi wa msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji, kila nyumba inatoa mtu kwenda kuchimba mfereji, mwenye nyonga na asiye na nyonga. Nilichimba na wenzangu. Jioni nilikuwa napiga mipira yangu ya zamani kwenye matuta ya shamba, mguu mmoja juu, mwingine chini, mpaka majirani wakasema ajali ilinigusa na kichwa.

Nikiwa sokoni Same kuuza tangawizi, nikasikia kuna jaribio la siku moja kule Moshi kwa wachezaji waliopoteza nafasi. Watakaofanya vizuri wanarudishwa kwenye gofu ya kulipwa. Nilimweleza mke wangu tukiwa tunakula makande.

"Unaenda kushindana na watoto walio sawa na wanao?"

"Naenda."

"Ukirudi umebebwa usiniite."

Lakini usiku ule aliponda tangawizi, akachanganya na mafuta ya moto, akanichua nyonga mpaka nikalia.

Nilipangwa na kijana mmoja mwenye mabega kama mlango. "Shikamoo mzee," akanisalimia. Nikaitikia marahaba, ila lile neno mzee liliniuma. Siku zote nimeitwa mzee nyumbani na sijali. Uwanjani, na mtu ninayetaka kumfunga, ni neno jingine kabisa.

Yeye alipiga mbali sana. Mimi nilipiga karibu, lakini mpira wangu ulikaa katikati ya nyasi zilizokatwa kila mara.

"Mzee, mbona unapiga kama unalima?"

"Wewe tafuta mpira wako huko porini."

Akacheka. Alikuwa kijana mzuri, siwezi kumsingizia. Kwenye mlima wa shimo la kumi alinibebea mkoba wangu bila kuombwa. Tulipobakiza mashimo matatu nilikuwa mbele yake, na nilijua kabisa nikicheza hivyo hivyo nafasi yangu naipata.

Shimo la kwanza kati ya hayo matatu lina mfereji wa maji kando yake. Mpira wangu ulisimama ukingoni, mahali pazuri tu, pa kupigia bila tabu. Lakini mfereji ulikuwa umeziba majani, maji yanafurika na kupotea kwenye nyasi. Kwetu mtu hapiti kwenye mfereji ulioziba. Hata ukiwa unaenda msibani na viatu vya ngozi, unashusha mzigo unazibua, maana yuko mtu chini anayesubiri zamu yake ya maji. Sikuwaza. Niliinama, nikatia mkono, nikang'oa lile fungu la majani. Udongo wa ukingoni ukakatika, na mpira wangu ukateleza na maji.

Kijana alisimama akaniangalia kama mtu aliyemwona baba yake akianguka.

"Mzee... mpira umesogea."

"Nimeona."

"Sasa ulikuwa unafanya nini?"

"Umeziba."

"Si kuna watu wa bustani?"

Ukisababisha mpira wako usogee unaongezewa pigo moja, na gofu anashinda mwenye mapigo machache; kisha unaurudisha ulipokuwa. Niliurudisha. Nikamaliza mashimo yaliyobaki bila kukosea, na jioni majina yaliposomwa nilikuwa nimekosa nafasi kwa pigo hilo hilo. Kijana alipata. Alikuja kunipa mkono.

Aliyesoma majina alikuwa yule yule katibu, sasa mvi tupu. Akanivuta pembeni. "Mzee mwenzangu, lipo kundi la wastaafu. Mnacheza Jumamosi, mnakula pamoja, hakuna presha. Nikuingize?"

"Machungwa yako bado yananikereketa kooni," nikamwambia. Hakuelewa, au alijifanya haelewi. Nikamwacha.

Nikampigia mke wangu nikiwa stendi.

"Umepata?"

"Nimekosa kwa pigo moja. Nilizibua mfereji, mpira ukasogea."

Akaanza kucheka, akacheka mpaka akakohoa, na mimi nikajikuta nacheka, watu wa stendi wananitazama.

"Na nyonga?"

"Inauma."

"Inauma ya kuacha, au inauma ya kwenda tena?"

Nilikuwa nimeuegemea mkoba wangu, mguu umekufa ganzi, nimechoka kuliko nilivyowahi kuchoka shambani. Nikakumbuka kwamba kabla ya mfereji, mchana mzima, yule kijana mwenye mabega alikuwa nyuma yangu.

"Ya kwenda tena," nikamwambia.

"Haya. Wahi gari la mlimani, huku mvua imeanza."