Siku Nilipoifanya Shax Kuwa ya Watu Wote

Sikubebwa na mtu hadi hapa nilipo. Diploma yangu ya kuunda programu za kompyuta niliipata Kuala Lumpur, nikisugua sufuria za mkahawa mchana na kusoma jioni, na niliporudi Garissa niliitundika mahali ambapo hata anayeingia kuchaji simu lazima aione. Iko juu ya skrini ya pili. Skrini ziko nne, na viti vyote vina mgongo. Kabla yangu hakuna aliyewahi kucheza mpira wa kompyuta mjini hapa akiwa ameegemea. Nalisema hilo kwa sababu ni kweli, si kwa kutafuta sifa, ingawa sifa pia sizikatai.

Ubishi ulizuka humo chumbani mwangu mwa michezo, Jumamosi moja. Vijana walikuwa wanasema ule mchezo wa mpira, unaotoka toleo jipya kila mwaka, ungefaa sasa ufanywe wa mtandaoni wa watu maelfu kwa pamoja: dunia moja, kila mchezaji uwanjani awe mtu halisi, refa awe mtu halisi, hata muuza karanga kule jukwaani awe mtu halisi amekaa kwao anauza karanga.

Mwalimu mmoja wa hesabu, mtu wa Machakos aliyepangiwa shule ya hapa, alikuwa kwenye skrini ya tatu akifungwa kama kawaida yake.

"Upuuzi," akasema bila kugeuka. "Mchezo wa watu wawili ukishakuwa wa watu elfu si mchezo tena. Ni uchaguzi."

"Mwalimu, wewe umezoea darasa," nikamjibu. "Ukiona watu wengi unataka wanyamaze."

"Na wewe umezoea sufuria. Kitu kizuri unakisugua mpaka kinatoboka."

Vijana walicheka mpaka mmoja akaangusha kidude cha kuchezea. Mjomba wangu, ambaye hukaa mlangoni siku nzima akitazama barabara, alinitetea kwa Kiswahili chake: "Mwalimu, wewe nafungwa mbira kila Jumamosi. Nyamaza." Lakini mimi nilikuwa nimeshaumia, na mtu mwenye diploma akiumia hufanya kazi.

Sasa nimweleze huyo mjomba. Ni kaka wa mama yangu. Mimi humwita abti, naye huniita abti, ndivyo desturi yetu ilivyo, mjomba na mpwa huitana jina moja. Kwa miaka kama ishirini alikuwa na duka la dawa za mifugo pale sokoni Ifo, kwenye kambi ya wakimbizi, na mbele ya duka hilo, kila siku baada ya swala ya alasiri, alicheza shax na fundi cherehani mmoja mkimbizi. Shax ni mchezo wa kuchora mistari ardhini, mraba ndani ya mraba. Kila mtu ana kete kumi na mbili, abti vijiwe, fundi vijiti. Ukipanga tatu kwenye mstari mmoja unamla mwenzako kete. Na kuna sheria moja ambayo nataka msomaji aishike: ukimziba mwenzako pande zote asiwe na pa kusogeza, hujamshinda. Lazima usogeze kete yako umfungulie njia. Ni mchezo wenye adabu.

Fundi akapata kibali cha kwenda kuishi Kanada. Siku ya safari walikuwa wanacheza, basi likiwa linangoja. Fundi alimziba abti pande zote. Ilikuwa zamu ya fundi kufungua. Basi likapiga honi, mara moja, mara ya pili. Fundi akasimama, akakung'uta kikoi chake, akaondoka.

Waliokuwepo wanasema alikuwa analia. Abti anasema alikuwa anacheka. Abti alifunga duka, akarudi Garissa kukaa kwa mama yangu, na kwa miaka miwili hakugusa kete. Wazee walipomwalika aliwajibu, "Siwezi. Niko mchezoni." Akiletewa chai alimwaga sukari kwenye sinia na kuchora kwa kidole jinsi alivyozibwa, kete hapa, kete pale, kisha anafuta. Alikonda. Chakula alikigusa tu. Mama aliniita kando akasema, "Wewe uliyesoma, fanya kitu kabla kaka yangu hajafia kwenye sinia yangu."

Namba ya fundi tulikuwa nayo. Nusu ya Ifo walikuwa nayo.

"Mpigie, abti."

"Nimwambie nini? Zamu ni yake."

"Msalimie tu."

"Anayepiga kwanza ameshindwa."

Na kule Kanada, kwa maneno ya binti yake kwa shangazi zake, fundi alikuwa akisema vivyo hivyo: siwezi kumpigia, atadhani nimetubu.

Hapo ndipo akili yangu ilipofanya kazi ambayo mwalimu wa hesabu asingeiweza. Wazee hawa hawawezi kuitana, lakini wanaweza kukutana. Hakuna anayeona aibu kukutana na mtu sokoni. Mchezo wa wawili unakulazimisha umwalike mwenzako. Mchezo wa watu wengi ni soko, unapita zako tu, ukigongana naye ni Mungu. Nikaamua kuichukua shax, mchezo unaopendwa kuanzia Mandera hadi Kotile, na kuupeleka mtandaoni uwe wa watu wote kwa wakati mmoja.

Niliifanya kazi hiyo miezi minne, peke yangu. Ukiingia unapewa ngamia, huna jina, una rangi ya ngamia tu. Unasafiri kwenye ramani ya nchi yetu mpaka ufikie watu waliokaa kwenye mistari, unacheza, au unasimama na ngamia wako unatazama na kusema kwa sauti yako mwenyewe. Ngamia anaona kiu. Visima vipo.

"Ngamia wa nini?" mwalimu akauliza.

"Ndiyo tofauti ya mtu aliyesoma kuhesabu na mtu aliyesoma kuunda," nikamwambia.

Nilihakikisha habari zimefika hadi Kanada, kisha nikafungua milango. Watu waliingia kwa wingi. Ila hawakucheza. Kwetu huwezi kukutana na mtu njiani ukampita, lazima umuulize atokako kuna mvua, kuna malisho, kuna amani, naye akuulize. Ukumbini mwangu mtandaoni walikuwepo watu zaidi ya mia, kila mmoja amesimamisha ngamia wake anamuuliza mwenzake habari za mvua. Wa Wajir anamwambia wa Minnesota kuhusu ukame. Wa Minnesota anamwambia kuhusu theluji. "Inanywewa na mifugo?" "Hapana, inafagiliwa." Kufika kwenye mistari ya shax kulichukua siku mbili.

Wiki ya pili wazee watatu walishuka kutoka Bura wakaja mpaka chumbani. Nilidhani wana mgonjwa hospitalini.

"Kisima chetu kimekauka," akasema mkubwa wao.

"Poleni sana. Mmeenda ofisi ya maji?"

"Ofisi ya maji itafanya nini? Kisima cha kwenye simu."

Nikabonyeza kitufe, nikawateremshia mvua. Waliitazama simu, wakaniombea dua ndefu na kuondoka wameridhika. Baada ya saa moja ngamia wote wa dunia yangu walikuwa wamehamia Bura, na watu wa Kotile wakanipigia simu kuniuliza mimi ni wa upande gani.

"Uchaguzi," mwalimu akasema. "Nilikwambia."

Abti hakujali mvua. Alikuwa na ngamia mweupe, na kila baada ya alasiri, ambayo Kanada ni asubuhi, alipita kwenye mistari mmoja hadi mwingine akitazama jinsi watu wanavyosogeza kete. Wiki ya tatu akasimama karibu na ngamia mwekundu aliyekuwa anacheza na kijana wa Mandera. Ngamia mwekundu angeweza kukamilisha tatu zake. Hakukamilisha. Akapeleka kete kwingine, kijana akachangamka, akaanza kujenga yake, na zamu mbili baadaye yule mwekundu akamfagia.

Abti akanishika mkono.

"Ni yeye. Hakuna mwingine anayemwacha mtu atumaini kwanza."

Kijana wa Mandera alipoinuka, abti akakaa. Hawakusalimiana. Wakaanza kupanga kete, na walipanga vibaya kupita kiasi. Watu wakaanza kukusanyika na ngamia zao.

"Mzee, hiyo kete umeitupa!"

"Huyu mwekundu naye angemla, mbona hamli?"

"Wote wawili wamejifunza leo."

Mwalimu aliacha mechi yake akaja kusimama nyuma yetu. "Wanakosea kwa makusudi," akanong'ona. "Kwa pamoja."

Mimi niliyeiona sinia ya sukari mara mia nilikuwa nimeshaelewa. Walikuwa wanaurudisha mchezo wa Ifo, kete kwa kete, bila mmoja kumwambia mwenzake. Kila kosa la siku ile walilirudia mahali pake. Mwisho fundi akasogeza, na abti akazibika pande zote, vile vile kama alivyoachwa. Abti akashusha pumzi. Sasa zamu ya kufungua ilikuwa ya mwenziwe.

Skrini ikawaka rangi zote. Muziki ukalia. Ngamia mkubwa akatokea katikati akicheza ngoma kwa miguu ya nyuma, akamwambia abti kwa sauti ya kike: "Umeshindwa! Asante kwa kucheza!"

Abti akanigeukia polepole. "Abti. Nani amemwambia huyu ngamia acheze?"

Ni mimi. Nilikuwa nimeandika kwamba asiye na pa kusogeza ameshindwa, kama ilivyo kwenye michezo yote niliyofundishwa, na wiki tatu zote hakuna aliyelijua kosa hilo kwa sababu watu walikuwa visimani. Hilo ndilo kosa pekee katika kazi yangu yote na ninalitaja mara moja tu. Abti alikuwa ameshaanza kuinuka. Nilijua akitoka pale harudi tena, wala hapa wala kwingine.

Ndipo sauti kavu ya mzee ikatoka kwenye spika, imepanda juu kabisa.

"Nani amesema nimeshinda? Sijashinda! Nilikuwa namfungulia njia! Kidole kilikuwa kimeshafika!"

Abti akarusha mikono juu kama mtu aliyefunga bao. "Amezungumza! Amezungumza kwanza! Mmesikia?"

"Tumesikia!" zikajibu sauti za Mandera, Wajir, Minnesota.

"Bura, watatu, mashahidi!" wakadakia wale wazee wa kisima.

"Nyamazeni!" fundi akapiga kelele. "Mimi sikuzungumza naye. Nimezungumza na ngamia!"

Basi likawa jambo kubwa. Je, mtu aliyezungumza na ngamia, mwenzake akiwa anasikia, amezungumza na mwenzake? Watu wakagawanyika. Wazee wa Bura wakaomba nafasi, wakasogeza ngamia zao kando ya kisima kipya wakakaa kikao. Dakika arobaini. Mimi nilitumia dakika hizo kuandika upya mstari ule mmoja wa programu na kurudisha kete zilipokuwa, mwalimu akinisomea kila herufi ili nisikosee tena, na nakiri alisoma vizuri.

Bura wakarudi. "Tumeangalia," akasema mkubwa wao. "Fundi alimjibu ngamia. Ndugu yake alimjibu fundi. Lakini kabla ya hao wote, ngamia ndiye aliyesema 'umeshindwa'. Kwa hiyo aliyezungumza kwanza ni ngamia. Nyinyi wawili hamna deni."

Kisha fundi akasema, taratibu sasa, "Nilikuwa nachelewa basi."

"Najua," akasema abti. "Huko kuna mvua?"

"Ipo. Lakini imeganda."

"Mifugo?"

"Mbwa tu. Na wamevishwa koti."

Abti akacheka, kicheko ambacho mama alikisikia akiwa nyumba ya pili. Fundi akasogeza kijiti kimoja. Njia ikafunguka. Watu zaidi ya mia wakashangilia, ngamia wakazunguka zunguka, na mwalimu wa hesabu alikuwa anapiga makofi, nilimwona kwa macho yangu, ingawa leo anasema alikuwa anafukuza nzi.

Tukangoja abti asogeze. Aliitazama ile njia. Akaagiza chai. Akaitazama tena.

"Nafikiria," akasema.

Leo ni siku ya kumi na moja. Shax yangu sasa ina watu wengi kuliko jana, na wengi huingia kutazama tu kama ngamia mweupe amesogea. Fundi hupiga simu kila siku saa kumi. Hampigii abti, hapana. Hunipigia mimi, na huniomba niweke spika. "Amesogeza?" Abti naye humjibu akiwa amegeukia barabara, kama anayezungumza na wapita njia, kisha huulizana habari za theluji, za magoti, za binti, za nani amefariki Ifo na nani ameoa, saa nzima, wakati mwingine saa na nusu, na mama huleta chakula huku huku mlangoni, na sahani hurudi tupu.

Jana nilimuuliza mwenyewe kwa upole, "Abti, watu wanangoja. Njia si iko wazi?"

"Yeye alinikalisha miaka miwili," akasema, akisukuma kikombe chake kijazwe. "Mwambie bado nafikiria."