Taya la Nyanya

Kwetu mtoto wa kike wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake. Mimi nilipewa jina la nyanya na taya lake pia: kidevu kimetangulia mbele, meno ya chini yameyapita ya juu. Ndiyo maana baba, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa kule Mweiga, ameniita Mami tangu nizaliwe. Mama sikumjua. Alifariki nikiwa bado nabebwa mgongoni, akaacha picha moja ya kitambulisho iliyofifia hadi haina macho.

Nilikuwa nimechoka kumeza nyama bila kuitafuna na kuziba mdomo kwa kiganja kila nikicheka. Daktari wa upasuaji mjini Nyeri akapiga picha za fuvu langu, akaziingiza kwenye kompyuta, akatuita mimi na baba tuone nitakavyokuwa. Akabofya. Taya likarudi nyuma, midomo ikakutana, mashavu yakajaa. Mwanamke mzuri, nisiyemjua hata kidogo, akanitazama. Nilishtuka, nikajishika kidevu kuhakikisha bado kipo.

Baba alisimama ghafla, kiti kikaanguka.

"Daktari, hii kompyuta imetoa wapi uso ya mama watoto?"

Hivyo ndivyo alivyokuwa akimwita mama.

"Mzee, hayo ni makadirio tu. Mfupa naweza kuupima. Nyama ya uso hukaa inavyotaka."

"Mimi nakuuliza imemtoa wapi!"

Miaka yote hiyo niliamini mama hakuniachia kitu, kumbe alikuwa amejificha nyuma ya taya la mama mkwe wake!

Nje, baba alivaa kofia, akaivua tena.

"Ukikatwa, mimi nitakuita nani?"

"Mami, kama siku zote."

"Haya. Tutaona."

Nilifanyiwa upasuaji. Uvimbe ulipoisha, midomo ilikuwa minene kuliko ile ya kompyuta, na kusema kweli nilifurahi, nikadhani tumeponea hapo. Baba aliniita Mami, ingawa aliniita akitazama pembeni.

Asubuhi moja nikammiminia chai. Alikuwa akiwaangalia ng'ombe dirishani, akapokea kikombe bila kugeuka.

"Asante, mama watoto."

Birika lilinitoka mkononi. Naye akageuka, uso umempauka.

"Ati nimesema nini?"

"Hujasema kitu, baba. Kunywa chai."