Sare ya Kipimo Kimoja

Chumba chetu pale home, nyumba ya kulala ya wasichana wa chuo, kilikuwa na vitanda viwili na dirisha moja lililotazama ziwa. Mimi nilitoka Bagira. Mwenzangu alitoka Mwenga, binti wa mchimba dhahabu. Alifika na mfuko wa mchele, chupa ya mawese na mashavu yaliyojaa, na akicheka kitanda kizima kilitikisika.

Miaka ile ya Zaire kila chuo kilikuwa na kikundi cha animasio, vijana wa kuimba na kucheza pale mkubwa fulani akija mjini. Hakuna aliyecheza kama yeye, wakamchukua juma la kwanza. Lakini sare zilikuwa zimeshashonwa, zote kipimo kimoja, na ya kwake ilikataa kufunga mgongoni. Kiongozi wa kikundi, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, alimtazama mbele ya wote, akamwita mwananchi kwa Kifaransa, kama ilivyokuwa desturi ya siku zile.

— Citoyenne, robe ya sare haina makosa. Mwili yako ndio iko na makosa.

Wengine walicheka. Jioni ile hakula. Kesho yake alijifunga uzi mweusi kiunoni, na kila uzi ulipolegea aliukaza tena.

Nilimfuata, na mpaka leo sijui vizuri kwa nini. Tuliishi kwa chai isiyo na maziwa na ndizi moja ya kugawana. Baada ya mwezi sare ilifunga, nasi tukajiona tumeshinda. Likizo ilipofika, mama yangu aliniwekea sombe, majani ya muhogo, na sambaza, samaki wadogo wa ziwani, kila siku, nikarudi chuoni nimejaa kama zamani. Mwenzangu alirudi mnene kuliko alivyokuja mara ya kwanza. Hatukushangaa. Nusu ya wasichana wa home walikonda muhula na kunenepa likizo, tukaona ni mambo ya wanafunzi tu.

Akaanza tena. Mimi siku ya nne nilipata kizunguzungu darasani, nikaacha. Yeye hakuacha. Safari hii nilianza kuona mambo ambayo sikuyapenda. Nywele zilibaki kwenye kitana, mafungu mazima. Mikono yake ilikuwa baridi hata jua likiwa katikati ya mbingu. Siku moja aliniambia damu yake ya mwezi imekatika. Niliogopa, nikamuuliza kama ana mimba.

— Mimba ya nani? Ya chai?

Alicheka, lakini kitanda hakikutikisika.

Likizo ya Pasaka alinenepa tena, na aliporudi, kujinyima chakula kwenyewe kulikuwa kumegeuka. Alikaa siku tatu bila kula. Siku ya nne nilimkuta nyuma ya mlango, amesimama, anachota bugali baridi kwa mkono kutoka kwenye sufuria yangu, machozi yanamtoka, hawezi kuacha. Kesho yake akafunga tena. Wakati huo mjini watu walikuwa wameanza kunong'ona juu ya ugonjwa unaokondesha. Wasichana wakaacha kuazima beseni lake. Alipoingia mahali pa kufulia, maneno yalikatika.

Mama yake akasikia, akapanda lori kutoka Mwenga na nyama iliyokaushwa. Alimshika binti yake mkono, ule wa baridi. Kisha akanivuta nje, kwenye ngazi.

— Mutoto yangu, wewe unalala naye chumba moja. Niambie kweli. Anakula?

Dirisha letu lilikuwa wazi, na nilijua mwenzangu anasikia. Alikuwa ameniapisha nisimwambie mtu.

— Anakula, maman. Ni masomo tu inamuchokesha.

Alinishika mkono, akanishukuru. Nyama aliyoileta niliila mimi.

Majuma mawili baadaye wachezaji wa kikundi walikuwa uwanjani, saa sita mchana, wakijifunza nyimbo za kumpokea mgeni. Mimi nilikaa kando na viatu vyao. Nilimwona akigeuka pamoja na wenzake, mikono juu, halafu mstari ukaendelea kugeuka na yeye akabaki chini. Ngoma ilichukua muda kunyamaza.

Hospitalini daktari alimpima, akatoka kwenye korido akaniuliza mara ngapi amekonda na kunenepa. Nikahesabu kwa vidole.

— Moyo yake imechoka, akasema. Mwili haiwezi kupandishwa na kushushwa vile. Nani alijua?

Nikaingia wodini kwa mwenzangu.

Alilala pale siku tisa. Mama yake alikuja kumchukua, hakuniuliza neno. Mwenzangu, akiwa ameegemea mlango wa gari, aliniambia atarudi mwaka ujao, nimwekee kitanda. Sare yake walimpa msichana mwingine juma lilelile.

Kiangazi, dereva wa lori alileta habari home. Mwenzangu alikuwa amekula vizuri mwezi mzima, mashavu yamerudi, nyumbani wakaanza kufurahi. Asubuhi moja alikwenda kuteka maji, akaketi kando ya njia kupumzika. Walimkuta ameketi vilevile, pumzi imekatika.

Nilikwenda Mwenga. Sikuweza kukaa na uwongo ule. Nilimkuta mama yake mbele ya nyumba, nikapiga magoti, nikamwambia yote: chai, uzi, sufuria, ngazi.

Alinisikiliza mpaka mwisho.

— Nilijua, akasema. Nilishika mukono yake siku ile. Nilitaka tu mutu mumoja aniambie hapana, hakuli.

Aliingia ndani, akatoka na sahani ya wali na nyama, akaiweka mbele yangu. Alivuta kiti, akaketi karibu sana, macho yake kwenye mkono wangu.

— Kula, akasema.

Nikala. Hakuondoka mpaka sahani ikawa nyeupe.